Unyayo unaobanduka: tazama kwanza, paka baadaye

Watu wengi wanaokuja kliniki ya ngozi kwa ajili ya nyayo zinazobanduka huja na tyubu mkononi. Imenunuliwa duka la dawa la mtaani, imekamuliwa hadi shingoni, na mara nyingi ni ya aina ileile: krimu ya mseto, yenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali kwa pamoja. Maelezo nayo hufanana. Wiki ya kwanza muwasho ulitulia, ngozi ikalainika, mgonjwa akaacha kupaka. Baada ya muda tatizo likarudi, na safari hii limepanda hadi kwenye kifundo cha mguu. Hapo daktari ana kazi mbili: kutibu kilichoanza, na kukifichua kilichofichwa na tyubu.

Nyayo hubanduka kwa sababu nyingi, na baadhi ya sababu hizo zinapingana. Ngozi iliyokauka hubanduka, na iliyolowa mno hubanduka vilevile. Fangasi huibandua, ukurutu huibandua, na hata kaswende inaweza kuibandua. Mafuta mazito kwenye kisigino kilichopasuka ni tiba. Mafuta hayohayo yakipakwa kati ya vidole vinavyotoa majimaji yanazidisha ugonjwa. Ndiyo maana nasema swali la kwanza lisiwe "nipake nini?" Liwe "inabanduka wapi, na inabandukaje?"

Ngozi ya unyayo haina mfano wake mwilini, ukiacha ya kiganja. Tabaka lake la juu hufikia unene wa karibu milimita 1.5, wakati lile la kope halifiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Sehemu kubwa ya unene huo ni chembe zilizokwisha kufa, zimelaliana kama makuti ya paa, na katikati yake kuna mafuta membamba yanayozishikamanisha. Chini huzaliwa chembe mpya kila siku, juu hupukutika za zamani, na safari ya chembe moja kutoka chini hadi juu huchukua takribani wiki 4 hadi 6. Kwa mtu mwenye afya hatuoni kitu, kwa kuwa chembe huondoka mojamoja. Tukiona maganda, maana yake zimeanza kuondoka kwa mafungu: kinachozishikamanisha kimekauka, au kimelowa, au kuna mdudu anayekila, au chembe zinazaliwa kwa kasi isiyo ya kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo watu wachache wanalijua. Unyayo hauna hata tezi moja ya mafuta. Una tezi za jasho tu, mamia katika kila sentimita moja ya mraba. Kwa hiyo mguu una maji mengi ya kutoa na hauna mafuta yake wenyewe ya kujilinda. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini mtu mmoja anaweza kulowa vidole ndani ya kiatu akiwa Dar es Salaam mwezi wa Januari, kisha akapasuka visigino akihamia Njombe mwezi wa Julai.

Nianze na fangasi, kwa kuwa ndiye anayetajwa kuliko wote, na ndiye anayetibiwa vibaya kuliko wote. Huyu wa miguuni mara nyingi ni Trichophyton rubrum, aliyeelezwa mwaka 1910 na Aldo Castellani, daktari wa Kiitaliano aliyewahi kufanya kazi Entebbe kwenye tume ya kuchunguza malale. Chakula chake ni keratini, ile protini ya ngozi ya juu, kucha na nywele. Haingii ndani ya mwili wa mtu mwenye afya. Hubaki juujuu akila kile kilichokwisha kufa. Hujitokeza kwa sura mbili zinazofaa kujulikana na kila mtu. Ya kwanza huanza kati ya kidole cha mwisho na kinachokifuata, mahali palipobanana na pasipopata hewa: ngozi inakuwa nyeupe, laini, inanyofoka, inawasha na kunuka. Hii watu huitambua. Ya pili ni ya kimyakimya. Unyayo mzima, pamoja na kingo zake, unakuwa mkavu na mnene kidogo, na mistari ya ngozi inajaa vumbi jeupe. Haiwashi sana. Mwenyewe hudhani ni ukavu wa kawaida na hupaka losheni miaka na miaka bila mafanikio.

Zipo dalili za kumtambua huyu wa kimyakimya. Mara nyingi mguu mmoja umeathirika kuliko mwingine, ilhali ukurutu na ugonjwa wa ngozi uitwao soriasis hupenda kuchukua miguu yote miwili kwa usawa. Kucha za dole gumba zimekuwa nene na za manjano. Na tazama viganja: ipo hali maarufu ambapo nyayo zote mbili na kiganja kimoja tu vinabanduka, kwa kuwa mkono huo ndio unaokuna miguu. Ukiona miguu miwili na mkono mmoja, fangasi ndiye mshukiwa wa kwanza.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi kiasi kwamba inaniuma kuona hakifanyiki. Maganda kidogo hukwanguliwa kwa ukingo wa kisu butu, yanawekwa kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksaidi, kisha yanatazamwa kwa darubini. Keratini inayeyuka, nyuzi za fangasi zinabaki zikionekana. Darubini zipo kwenye vituo vingi vya afya nchini kwa ajili ya malaria na makohozi ya kifua kikuu. Kemikali yenyewe ni ya bei nafuu. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wametawanyika wilayani. Kinachokosekana ni mazoea ya kupima kabla ya kuandika dawa.

Sasa turudi kwenye tyubu ya mseto. Steroidi ni dawa nzuri mahali pake. Inazima uvimbe na muwasho kwa haraka, na kwa mgonjwa wa ukurutu ni rafiki wa kweli. Lakini muwasho na wekundu wa fangasi ni kazi ya kinga ya mwili inayopambana naye. Ukiizima kinga hiyo, mgonjwa anapata nafuu na fangasi anapata nafasi. Mpaka wake unaoonekana kwa macho unafifia, maganda yanapungua, na chini yake anatambaa: unyayoni, kifundoni, kinenani, wakati mwingine ndani ya vinyweleo ambako krimu haifiki. Madaktari wawili wa Uingereza waliielezea hali hii mwaka 1968 na kuipa jina lenye maana ya fangasi asiyetambulika. Dawa ya fangasi iliyomo kwenye mseto haitoshi kufidia, kwa kuwa mgonjwa huacha kupaka mara muwasho unapokoma, kabla fangasi hajafa. Na akiendelea kupaka, steroidi kali huichosha ngozi, hasa ile nyembamba ya juu ya mguu na kati ya vidole.

India imetuonyesha njia hii inaelekea wapi. Krimu za mseto zimetumika huko kiholela kwa miaka mingi, na katika mazingira hayo umesambaa fangasi mpya aliyepewa jina mwaka 2020, Trichophyton indotineae, ambaye mara nyingi hasikii terbinafini, dawa tunayoitegemea kuliko zote. Sioni sababu ya sisi kurudia yaleyale. Msomaji anayenunua krimu kwa ajili ya miguu na asome maandishi madogo ya tyubu: akiona klobetasoli au betamethasoni, ajue ameshika steroidi kali, na airudishe kaunta hadi atakapopata jibu la daktari. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu nao nawaomba kwa moyo wote: klotrimazoli peke yake, au terbinafini peke yake, ni bora kuliko mseto wa dawa tatu mnaoutoa kwa kila aliyekuna mguu.

Fangasi wa kati ya vidole anatibika nyumbani. Terbinafini ya asilimia 1 hupakwa mara moja au mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili. Klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 4, na ni muhimu kuendelea hata ngozi ikishaonekana safi. Ipo pia marhamu ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisili asilimia 3. Umri wake unapita miaka 100, bei yake ni ndogo, na hufaa kwa unyayo mnene kwa kuwa hulainisha maganda huku ikipambana na fangasi. Huchoma ikipakwa kwenye ngozi iliyochubuka, hivyo isipelekwe kwenye vidole vyenye vidonda. Fangasi wa unyayo mzima mara nyingi huhitaji vidonge, na wa kucha huhitaji vidonge kwa takribani wiki 12, baada ya daktari kujiridhisha kuhusu ini na dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Kucha mpya ya dole gumba huchukua mwaka au zaidi kukua yote, basi asikate tamaa anayeona mabadiliko yanakuja polepole.

Dawa haitashinda kiatu kibichi. Kiatu kilicholowa jasho huhitaji siku moja hadi mbili kukauka barabara, kwa hiyo mwenye jozi mbili azibadilishe, na mwenye jozi moja aitoe juani kila apatapo nafasi. Soksi ziwe za pamba, zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi. Wenzetu wanaotawadha mara tano kwa siku wana faida na hatari pamoja: miguu yao huoshwa kuliko ya mtu yeyote, na kupitisha kidole kati ya vidole ni sehemu ya udhu ulio kamili. Hatari huja pale unyevu huo unapofungiwa ndani ya soksi. Kitambaa kidogo cha kila mtu, kikae mfukoni, kwa kukausha kati ya vidole, kinatosha kuiondoa. Kandambili za msikitini na za bafu za bweni zinazovaliwa na kila anayepita ni njia inayojulikana ya kuambukizana. Ni vyema kila mtu aje na zake.

Kinyume cha hayo yote ni magaga. Hapa maji yamekimbia, kisigino kimekauka na kuwa mnene, na uzito wa mwili unapokikandamiza kinapanuka pembeni na kupasuka. Anayevaa ndala mwaka mzima, anayesimama jikoni au sokoni kutwa, mwenye uzito mkubwa, mkulima anayeingia shambani peku wakati wa kipupwe, wote hawa wako kwenye kundi hilo. Tiba yake haihitaji duka la kifahari. Jioni, loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, sugua polepole kwa jiwe, futa, na kabla ngozi haijakauka kabisa paka mafuta mazito: mafuta ya mgando yanafaa, na krimu yenye yurea ya asilimia 20 au zaidi inafaa kuliko yote kwa kisigino kilichokomaa. Vaa soksi, lala nazo. Mafuta ya nazi ni mazuri pia, ila huyeyuka upesi kwa joto la pwani. Siri ni kupaka ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa kuwa mafuta hayaleti maji; yanayafungia tu yaliyopo.

Wembe nauogopa. Vijana wanaopita mitaani na beseni, jiwe na rangi za kucha wanafanya kazi halali inayowasaidia wengi, lakini wembe unaokwangua visigino vya mteja mmoja baada ya mwingine unaweza kubeba virusi vya homa ya ini, na jiwe lisilosafishwa linabeba fangasi. Nunua jiwe lako, mpe mfanyakazi alitumie hilo, na wembe ubaki nje. Nawaonya vilevile wanaotumia jiki, maji ya betri au mafuta ya taa kuondoa magaga. Nimeona ngozi zilizoungua hadi chini kwa sababu ya "tiba" hizo.

Kuna watu ambao kwao magaga ni jambo zito. Kisukari kikishaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, tezi za jasho zinaacha kufanya kazi, unyayo unakauka, unapasuka, na mwenyewe hasikii. Bakteria wanaingia kwenye ufa huo, na safari ya kuelekea kukatwa mguu inaanza pasipo maumivu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufundisha wauguzi na madaktari wa mikoani kuitunza miguu ya wagonjwa wa kisukari, kupitia mradi wa Step by Step ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambao Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa mmoja wa nguzo zake. Mgonjwa wa kisukari atazame nyayo zake kila siku, kwa kioo kama kuinama ni shida, au aombe mtoto au mjukuu amtazamie. Apake mafuta unyayoni na kisiginoni, asipake kati ya vidole, na asiloweke miguu, kwa kuwa mguu usiohisi huungua ndani ya beseni. Ukoma nao huleta unyayo mkavu, usiotoa jasho na usiohisi, na bado unagunduliwa kwa wagonjwa wapya nchini kila mwaka. Ganzi na ukavu vikikutana mguuni, nenda kliniki ndani ya siku chache, usingoje miezi.

Wapo wanaolowa mpaka nyayo zikachimbika. Walinzi wanaokesha ndani ya mabuti, waosha magari, wauza samaki, wakulima wa mpunga wa Mbarali na Kilombero: nyayo zao hupata vishimo vidogovidogo mahali panapobeba uzito, na harufu inayowafanya waone haya kuvua viatu mbele za watu. Wengi hutibiwa fangasi. Wanaosababisha vishimo hivyo ni bakteria wanaoyeyusha keratini iliyolowa, na Castellani huyohuyo aliieleza hali hii mwaka uleule wa 1910. Marhamu ya kawaida ya antibayotiki, kama erithromaisini au klindamaisini, pamoja na kukausha miguu, hulimaliza tatizo ndani ya wiki chache. Harufu hiyo imewavunjia watu heshima yao bure.

Sababu nyingine nitazipitia kwa haraka. Malengelenge madogo yanayowasha sana pembeni mwa vidole, kisha yanakauka na kubanduka, mara nyingi ni ukurutu, na hapa steroidi ya daktari ina nafasi yake. Soriasis huacha mabaka mazito yenye mpaka dhahiri. Tazama pia viwiko, magoti na kichwa. Kubanduka juu ya mguu kunakofuata umbo la mkanda wa ndala au ngozi ya kiatu ni mzio wa mpira, gundi au kemikali ya kutengenezea ngozi hiyo, na tiba yake ni kuachana na kiatu hicho. Wako pia wenye vijiduara vikavu visivyowasha, vinavyobanduka wakati wa joto na kupona vyenyewe. Hao wanahitaji mafuta tu na subira. Na wale wanaoambiwa kwamba nyayo zinabanduka kwa kukosa vitamini wajue kwamba upungufu wa niasini, unaoitwa pelagra, hushika sehemu zinazopigwa na jua: juu ya miguu, mikono na shingo. Unyayo wenyewe hausumbui.

Kaswende siwezi kuipita kwa haraka, kwa kuwa huponyoka mikononi mwetu. Wiki kadhaa baada ya kidonda cha kwanza, kile kisichouma ambacho wengi hawakioni, hujitokeza madoa kwenye viganja na nyayo, mekundu yaliyokolea au ya rangi ya shaba, yenye kipete cha maganda pembeni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo yanapita kama fangasi au mzio. Kisha yanatoweka bila dawa, na ugonjwa unabaki ndani. Kipimo cha damu kinapatikana kwenye vituo vya serikali, hasa kwa wajawazito, na sindano moja ya penisilini ya benzathini ya uniti milioni 2.4 hutibu hatua hii. Mwanamke mjamzito mwenye madoa kwenye nyayo apimwe siku hiyohiyo, na mwenza wake atibiwe naye.

Kwa mtoto aliyetoka kwenye homa ya siku nyingi, yenye macho mekundu, midomo iliyopasuka na upele, ncha za vidole zikaanza kubanduka baada ya wiki mbili au tatu, daktari anatakiwa kufikiria homa nyekundu ya bakteria wa koo, na ugonjwa aliouelezea Tomisaku Kawasaki nchini Japani mwaka 1967, ambao unaweza kuathiri mishipa ya moyo. Mzazi asisubiri maganda. Homa iliyopita siku 5 inatosha kumpeleka mtoto hospitali. Mtu mzima aliyeanza dawa mpya, kama kotrimoksazoli au nevirapini, akaona ngozi inabambuka pamoja na homa na vidonda mdomoni au machoni, aende hospitali usiku huohuo, na dawa aliyoianza asiendelee kuimeza hadi aonane na daktari.

Kwa wengine wote, mnaokuja kwa miadi, ombi langu ni hili. Kwa wiki mbili kabla ya kuja msipake dawa yoyote ya fangasi wala steroidi, kwa kuwa zote huharibu kipimo. Mafuta ya mgando yanaruhusiwa. Njooni bila rangi ya kucha. Leteni tyubu zote mlizotumia, hata zilizokwisha, na viatu mnavyovaa kazini. Mwambieni daktari mnafanya kazi gani, mnasimama saa ngapi, na ni nani mwingine nyumbani anayekuna miguu. Asipowaomba mvue soksi zote mbili na kuonyesha viganja, mwombeni ninyi.